Samaki wa Bahari Niliyemwandikia Kasongo

Kasongo, Alhamisi, baada ya alasiri

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, ikakatika saa saba mchana. Ua umejaa tope, bata wa jirani wanatembea humo kana kwamba wamerithishwa, na mimi nimeketi barazani na daftari hili nikiwa na furaha ambayo mtu wa umri wangu huona haya kuiandika. Naiandika hata hivyo.

Leo tumeshinda.

Amri iliyofunga mitego ya Wagenya, wavuvi wetu wa Lualaba, imefutwa. Nimeiona kwa macho yangu ikipigwa mstari. Wakati huu ninapoandika, wanaume wako majini wanasimika upya fito zao na kufunga vikapu vyao, na maji bado hayajapanda mno. Wamewahi.

Nitaeleza mambo kwa utaratibu, nisije nikaruka sehemu inayoniuma. Sehemu hiyo ndiyo ya kwanza.

Kosa lilikuwa langu.

Mimi ni karani wa ghala la serikali. Kila kitu kinachoingia humo hupita mkononi mwangu: majembe, magunia ya chumvi, mafuvu ya wanyama, chupa za nyoka. Watu wa ofisini wananijua kwa ukali, na mji mzima huniita Mwalimu. Barua yenye kosa nairudisha bila kusema neno, na aliyeiandika huondoka nayo akiwa ameinamisha kichwa. Nilifundishwa sarufi na marehemu baba kwa kitabu na kwa fimbo, na hadi leo sijui kuipuuza.

Wakati wa kiangazi dispensari ilipakwa chokaa, na makasha yake yakaletwa kwangu. Katika kasha moja nilikuta chupa yenye mdomo mpana, imezibwa kwa nta, na ndani ya spiriti alilala samaki ambaye sikupata kumwona maishani. Alikuwa bapa na mviringo kama sinia dogo. Hakuwa na magamba. Mkia wake ulikuwa mfupi na mnene, macho mawili madogo yalikuwa juu ya mgongo, na mgongoni palikuwa na madoa matano yaliyofifia.

Ghala letu lina desturi yake. Kila kitu hufungiwa etiketi yenye mistari mitatu: namba, jina la kitu, mahali. Mahali maana yake ni pale kitu kilipopokelewa, kwa kuwa mkaguzi akija hutaka kujua nani wa kuulizwa. Jembe lililofuliwa Ulaya huandikwa Kasongo. Gunia la chumvi lililotoka mbali huandikwa Kasongo. Niliikuta desturi hiyo, nikaishika, na jembe halijawahi kulalamika.

Nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: «Samaki. Kasongo.»

Mwezi uliofuata alifika mtaalamu wa samaki, ametumwa na jumba moja la makumbusho la Ulaya. Watu walimwita Bwana Mapezi, kwa sababu kila samaki aliyeletewa alimhesabia mapezi kabla hata ya kumsalimu aliyemleta. Si mtu mbaya. Alikaa katika nyumba ya wageni, akajaza meza chupa na ramani, akawa anatia nukta nyekundu kwenye ramani kila alipohakikisha kwamba samaki fulani anaishi.

Alipoiona chupa ile ghalani alipiga kelele kama mtu aliyekanyaga kaa la moto. Alisoma etiketi. Mimi nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake, na hakuniuliza neno.

Ndipo nilipojifunza, kutoka kinywani mwake, jambo ambalo sikulijua. Samaki wa kutia ganzi hawana ukoo mmoja. Hapa kwetu yuko yule wa sharubu, mnene, laini kama sabuni, ambaye ukimshika mkono wako unakufa hadi begani. Huyo ni wa mito na maziwa. Yule bapa naye hutia ganzi, lakini ni wa jamii nyingine kabisa, jamii ya samaki waitwao taa, na ndugu zake wote wenye nguvu hiyo wanakaa kwenye maji ya chumvi. Kumpata mmoja Kasongo, katikati ya bara, lilikuwa jambo la kuushangaza ulimwengu. Kwa hiyo Bwana Mapezi alimtenga na ndugu zake wa bahari, akamfanya aina mpya, akampa jina jipya refu la Kilatini, na akatia nukta nyekundu kwenye Lualaba.

Nukta moja haikumtosha. Alitaka dume, jike na mtoto. Mkubwa wa ofisi, ambaye hupenda kumpendeza mgeni, akatoa amri: mitego yote ya Wagenya ifungwe, fito zing'olewe, na wanaume watafute samaki bapa kwenye vilindi mpaka wampate.

Anayesoma haya bila kuujua mto wetu aelewe hivi. Mvua zikianza, maji hupanda, na samaki huacha mto mkubwa wakaingia vijito na mabonde yaliyofurika. Wagenya huwangoja kwenye milango ya vijito hivyo. Wanachokivua katika wiki hizo chache hukikausha kwa moshi, na ndicho wanachobadilisha kwa muhogo na mafuta hadi mwaka unaofuata. Mitego ikikosa wiki hizo, haina kazi tena.

Walitafuta. Walileta kila kitu. Walileta kobe. Walileta yule wa sharubu, kwa kuwa anatia ganzi, na Bwana Mapezi akatikisa kichwa. Wavuvi wawili wakambana wa sharubu katikati ya mbao mbili, wakaweka jiwe juu usiku kucha, wakamleta asubuhi akiwa bapa kweli kweli.

«Bwana, huyu hapa. Ameshakuwa sinia.»

Ofisi nzima iliangua kicheko. Mkubwa hakucheka, na wawili hao walifyeka nyasi za uwanja wa ofisi siku nne.

Mkubwa wa Wagenya, Mzee Katompa, alikuja ghalani kwangu. Ni mtu mfupi mwenye mabega ya kupiga kasia, na hasemi kwa kuzungukazunguka.

«Mwalimu, miye nimezaliwa ku hii maji. Baba yangu vilevile. Hii samaki haiko. Weye ndiye mutu wa kuandika. Andika haiko.»

«Mzee, karani haandiki asichoamriwa.»

«Na ile Kasongo ya ku chupa, nani alikuamuru?»

Nilijifanya natafuta ufunguo.

Hapa ndipo ninapotaka kuruka, na siruki. Nilishajua. Babu yangu mzaa baba alizaliwa pwani, upande wa macheo ya jua, akafika Kasongo na misafara. Nilipokuwa mdogo alinisimulia habari za taa, samaki wa baharini aliye bapa kama sinia, na habari za mmoja wao ambaye ukimkanyaga mchangani mguu wote unakufa ganzi. Siku ile Bwana Mapezi alipotaja jamii ya taa, maneno ya babu yalinirudia yote. Nilijua kwamba samaki yule alikuja kwetu ndani ya chupa, na kwamba etiketi yangu ndiyo iliyompa uraia.

Nilikaa kimya wiki tatu.

Nilijiambia kwamba sina ushahidi. Ilikuwa kweli. Lakini sikukaa kimya kwa sababu hiyo. Nilikaa kimya kwa sababu miaka yote nimewarudishia watu makosa yao, na sikutaka kuona sura zao siku ya kurudishiwa langu.

Aliyenitoa humo ni mke wangu, Mama Zaina. Jumatatu ya wiki iliyopita alinisikia nikinung'unika juu ya chupa, akauliza chupa gani. Nikamweleza.

«Ile sahani yenye mukia?» akasema huku anachambua mchele, bila hata kuinua macho. «Si ile ya munganga Mavungu? Ilikuwa ku dirisha ya dispensari. Niliiona wakati wa kidonda changu.»

«Na kwa nini hukuniambia?»

«Uliniuliza lini? Weye unauliza makaratasi.»

Nikachukua karatasi, nikaandika jina la Mavungu.

Mavungu ni muuguzi aliyefanya kazi hapa kisha akahamishiwa upande wa Kabambare, kwenye zahanati ndogo ya Wamaza. Niliomba ruhusa ya siku sita kwa ajili ya arusi ya jamaa. Huo ulikuwa uongo, nao pia nauandika. Nilichukua baisikeli hadi Lusangi, nikalala hapo, na kuanzia hapo njia ilikuwa tope tupu, hivyo baisikeli ikawa inanipanda mimi. Nilifika Wamaza nikiwa mwekundu hadi magotini, na wagonjwa waliokuwa kwenye foleni wakanipisha wakidhani mimi ndiye mgonjwa zaidi.

Mavungu alinikumbuka. Ni mtu wa Banana, kule mto unapoingia baharini. Nilipomtajia chupa alipiga makofi.

«Mwalimu! Iko bado? Niliisahau siku ya kuhama, nikalia kama mutoto!»

Kaka yake huvua kwa nyavu karibu na ufuo, kwenye maji ya kina kifupi yenye mchanga. Siku moja alimpata taa huyo, akapigwa ganzi naye hadi akaketi majini, na Mavungu, aliyekuwa bado anajifunza kazi hospitalini, akamtia kwenye spiriti ili ndugu wamcheke kaka. Kila alipohamishwa aliibeba chupa, kwa sababu ilikuwa kipande cha kwao. Hapa Kasongo aliipa kazi: mgonjwa aliyekataa sindano alionyeshwa chupa, akaulizwa achague.

«Hakuna aliyechagua samaki,» alisema.

Aliniandikia maelezo yake kwenye karatasi, akatia sahihi. Yalikuwa na makosa manane. Sikuyagusa.

Sikutosheka na karatasi moja. Nilishuka hadi mto Luama, nikapita kwa wavuvi wa kambi mbili, nikawachorea samaki yule ardhini kwa fimbo na kuwauliza mmoja mmoja, wazee kwanza. Wa sharubu wanamjua wote, na mwanamke mmoja alinionyesha mkono ambao samaki huyo aliutia ganzi hadi yeye akaanguka mtumbwini. Bapa hawamjui. Nikaandika majina ya vijito vyote alimo wa sharubu na vyote asimokuwamo bapa. Kuandika pale kitu kisipokuwapo ni kazi kama kuandika pale kilipo, nami sikupata kuifanya kabla ya hapo.

Nikarudi jana jioni. Leo asubuhi, mvua ikipiga bati, nilivaa kanzu safi, nikapita kumchukua Mzee Katompa, tukaenda nyumba ya wageni. Mkubwa wa ofisi alikuwa hapo anakunywa kahawa na Bwana Mapezi. Nilisimama, nikasema kwa Kifaransa changu bora kabisa kwamba etiketi ya samaki bapa ina kosa, kwamba kosa ni langu, na kwamba neno Kasongo humo lina maana ya ghala, halina maana ya mto. Nikaweka mezani maelezo yangu, ya Mavungu, na orodha ya vijito.

Mkubwa alisoma, akaweka karatasi chini.

«Karani, wewe umeandika Kasongo. Leo unasema si Kasongo. Kesho utasema nini? Etiketi ni etiketi.»

Mwandiko wangu uliaminiwa kuliko mimi mwenyewe niliyesimama mbele yake. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliuchukia uzuri wake.

Bwana Mapezi alikuwa anaitazama ramani yake, ile nukta nyekundu, kama mtu anayemtazama mtoto wake anayekaribia kunyang'anywa.

Ndipo Mzee Katompa akauliza kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu aliyechoka kungoja watu wenye makaratasi, «Hii samaki mulishafungua tumbo?»

Nilitafsiri. Mkubwa akasema tumbo halihusiki. Mzee akaendelea, nami nikaendelea kutafsiri. Wagenya wana desturi yao ya kale. Mitego ya ndugu wawili ikikaribiana na ugomvi ukazuka juu ya samaki, yule anasema ametoka kwenye mto mkubwa, huyu anasema ametoka kijitoni kwangu, hawapigani. Humweka samaki kwenye jani mbele ya wote wawili, wakampasua. Samaki wa mto mkubwa amekula vya mto mkubwa, wa kijito amekula vya kijito. Tumbo likishasema, mwenye kushindwa hubeba vikapu vya mwenzake hadi nyumbani, na maneno yanaisha.

«Mutu anaweza kuandika uongo,» alisema Mzee, akanitupia jicho. «Tumbo haijui kuandika.»

Bwana Mapezi alivua miwani. Samaki alikuwa mmoja tu, na kumpasua ni kumharibu. Nilidhani atakataa. Badala yake aliivunja nta kwa kisu kidogo, akamtoa samaki kwa koleo, akamlaza kifudifudi juu ya bamba la kioo, kisha akamgeuza. Harufu ya spiriti ikatujaza machozi sote wanne. Alikata kwa mkasi mwembamba, polepole, kwa heshima, na ikabidi nimsifu moyoni kwa jinsi mkono wake ulivyotulia.

Ndani mlikuwa na samaki mwingine mdogo, mzima karibu wote, urefu wa kidole.

Alimlaza kwenye kioo. Mzee Katompa aliinama, akatazama, akainama zaidi. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha tumboni, akinishika bega ili asianguke.

«Mwalimu, tazama! Macho yote mbili iko upande moja! Huyu ni jirani ya nani? Kwetu hakuna samaki wa kulala ubavu na kutazama juu!»

Bwana Mapezi naye alikuwa ameshamjua. Alimtaja kwa jina la Kilatini, kisha akasema kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika: «Iko samaki ya bahari. Ya mchanga. Kabisa ya bahari.»

Kisha akachukua kalamu na kufanya jambo ambalo nitamheshimu kwalo siku zote. Jina lile jipya refu, alilolitunga mwenyewe, alilipiga mstari. Alimrudisha samaki katika aina yake ya zamani inayojulikana, ile ya madoa matano, ikaayo kwenye maji ya kina kifupi ya pwani upande wa machweo. Akakwangua nukta nyekundu ya Kasongo kwa ncha ya kisu hata ramani ikatoboka, akatia nukta nyingine Banana. Orodha yangu ya vijito akaiomba kwa ajili ya wa sharubu, akaniuliza jina langu na jinsi linavyoandikwa.

Nilimtajia herufi moja moja.

Mkubwa aliona kwamba mgeni ameridhika, naye akaridhika. Aliomba kalamu. Nilimchovyea wino mwenyewe, akaipiga amri ya mitego mstari mmoja mrefu, akatia sahihi. Mzee Katompa hakungoja wino ukauke. Alitoka mbio kwenye mvua, mzee mzima, anapiga yowe la kuita mitumbwi, na kabla ya kufika kwenye kona ya njia alikuwa ameshajibiwa.

Mimi nilibaki kuandika etiketi mpya. «Samaki wa bahari, jamii ya taa. Alivuliwa Banana. Alipokelewa Kasongo.» Mistari haikutosha, nikaongeza wa nne kwa rula. Mkubwa aliutazama, akasema kuanzia sasa etiketi zote zichapishwe hivyo. Desturi niliyoikuta kabla yangu nimeiacha nyuma yangu ikiwa sahihi zaidi. Si watu wengi wa kazi yangu wanaoweza kusema hivyo.

Nimefurahi. Nimekula sahani mbili za wali na Mama Zaina amenitazama bila kusema neno, jambo ambalo kwake ni sherehe.

Saa tisa nilishuka mtoni kuona. Fito zilikuwa zinaingia majini, wanawake wanapitisha vikapu kutoka mkono hadi mkono, na wale wawili waliombana samaki kwa mbao walikuwa wanaimba juu yangu wimbo ambao sitauandika hapa. Mzee Katompa alinishika mkono mbele ya watu wote, akatangaza:

«Huyu Mwalimu, siku aliyojua tu, alipanda baisikeli! Hakulala!»

Watu wakapiga vigelegele. Nami nilisimama pale na kanzu yangu safi, nikavipokea.

Siku aliyojua tu.

Wiki tatu, milango ya mabonde ikiwa wazi na samaki wakipita bure. Hakuna aliyenihesabia siku hizo, na nikinyamaza hakuna atakayezihesabu. Ningeweza kulifunga daftari hapa. Ushindi ni wa kweli, mitego imerudi, na mzee mwenye furaha hahitaji kupunguziwa furaha yake.

Lakini nimesahihisha etiketi ya samaki na kuiacha ya kwangu.

Kesho ni Ijumaa. Kabla ya sala, na kabla watu hawajajaa ufukweni, nitamtafuta Mzee Katompa kwenye fito zake na kumwambia nilijua tangu lini. Sijui kama atacheka au atanigeuzia mgongo. Nimejaribu kuyapanga maneno tangu nilipoketi hapa, nimeyafuta mara nne, na yaliyobaki ni mafupi: Mzee, nilijua, nikanyamaza.

Hayahitaji kusahihishwa. Yanahitaji kusemwa.